Mfalme Aliyekosekana Ubaoni

Fumbo hutangazwa, dhiki hujificha.

Mmeusikia usemi huu leo, mkaniuliza umetoka wapi. Umetoka Korogwe, wanangu, nyumbani kwa fundi cherehani aliyeitwa Mzee Semkiwa, na binti yake Mwanahawa, mwalimu wa shule.

Wawili hao walipenda sataranji. Mzee alikuwa na daftari alimobandika mafumbo ya mchezo huo, aliyoyakata magazetini tangu ujana wake, na mengi aliyajua kwa moyo. Kila alasiri Mwanahawa alirudi kutoka kazini akakuta baba amekwisha kupanga kete. "Weupe waanze," mzee angesema, "wafunge kwa hatua tatu." Basi tena, Mwanahawa husahau hata chai. Hutazama farasi, hutazama ngome, hupima kila njia, wala hagusi kete mpaka alione jibu lote. Mtaa mzima ulijua hakuna fumbo linalomshinda.

Mwaka ule mzee aliacha kushona suti, akabaki na mito na mapazia. "Suti zina usumbufu," alisema, na Mwanahawa akaona ni uzee tu. Mara mzee akawa anamimina chai hadi inafurika kikombeni. Mwanahawa akafuta meza, akarudi kwenye ubao wake.

Siku moja alilikodolea macho fumbo nusu saa nzima asipate pa kuanzia. Mwishowe akacheka.

"Baba, leo umenitega. Mfalme mweusi hayupo."

"Hayupo vipi? Si huyo hapo pembeni?"

"Huyo ni askari, baba."

Mzee alinyoosha mkono juu ya ubao, akapapasa kichwa cha kete moja, kisha cha nyingine. Kicheko kikamkauka Mwanahawa mdomoni.

"Baba, unaniona?"

"Sauti yako naisikia," mzee alisema taratibu. "Uso wako siuoni tangu mfungo wa Ramadhani."

Hospitalini daktari alisema ni presha ya macho, maradhi yanayoanza kula nuru ya pembeni kimyakimya. Wangewahi mwaka mmoja nyuma angeweza kuizuia; nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Mwanahawa akaangua kilio palepale kwenye benchi.

"Nafumbua mafumbo ya magazetini, baba, na lako limenipita nimekaa mbele yako!"

"Usijilaumu peke yako, mwanangu," mzee alisema, akiutafuta mkono wake. "Kule ubaoni nilikwambia jibu lipo, ukalitafuta. Huku nilikwambia sijambo, kwa kuchelea kuwa mzigo. Fumbo hutangazwa, dhiki hujificha."

Mzee aliishi gizani miaka saba, akafariki. Tangu hapo Mwanahawa hakuwa mtu wa kupokea "sijambo" na kupita zake. Ndipo siku moja alipomwona jirani yake, Mama Kibibi, akigeuza kichwa kizima ili amwone mtu aliyesimama ubavuni pake. Alimtazama tena, na tena. Kisha akamshika mkono, wakaenda hospitali siku hiyohiyo. Waliwahi. Macho yote mawili yakaokolewa.

Walipotoka, Mama Kibibi alisimama mlangoni akamkazia macho.

"Nani alikwambia, mwalimu? Mimi sikumwambia hata mume wangu."

"Hakuna aliyeniambia," Mwanahawa alijibu, na machozi yakimlengalenga. "Fumbo hutangazwa, Mama Kibibi. Dhiki hujificha."