Bi Mize na Hodi Tatu za Bwana Tufani

Paukwa!

—Pakawa!

Sikusikia. Mmejibu kama watu waliokosa chakula cha mchana. Paukwa!

—Pakawa!

Palikuwa na nini?

—Palikuwa na mji!

Mji wa nani?

—Wa wenye masikio!

Haya basi, sogeeni huku motoni. Wewe unayetafuna muhogo, tafuna kimya kimya, nikikusikia nitakunyang'anya.

Hapo kale, kale ya kale, wanyama waliposema na watu wakanyamaza kuwasikiliza, palikuwa na mji ukingoni mwa bahari ukiitwa Kitumbawe. Nyumba zake zote zilikuwa za udongo na makuti, isipokuwa moja tu. Hiyo moja ilikuwa juu kilimani, ya mawe na chokaa, na mlango wake ulikuwa na komeo la kushikwa kwa mikono miwili. Mwenyewe alikuwa Bi Mize, mpika kashata.

Sasa Bi Mize, jamani, alikuwa na ulimi mwepesi wa kukaribisha. Akisikia hodi, "Karibu!" imeshamtoka kabla hajajua ni nani. Mlango wa jirani ukigongwa, Bi Mize anajibu karibu. Mbuzi akijikuna ukutani, Bi Mize anajibu karibu. Siku moja nazi ilianguka uani, kti! Bi Mize akajibu "Karibu!", akatandika mkeka, akakaa kuingoja.

Watu wakimcheka, naye akicheka. Kuna ubaya gani kumkaribisha mtu?

Basi asubuhi moja Bi Kasa alitoka baharini akikimbia. Ndugu zangu, mmewahi kumwona kasa anakimbia? Hiyo peke yake ilikuwa habari mbaya.

"Shoga, shoga, shoga!" akaita kutoka chini ya kilima.

"Karibu!"

"Karibu yako weka kwanza. Kusanya watu. Bwana Tufani yuko njiani. Nimempita kwenye maji makuu, anajifunga kilemba cha mawingu. Siku tatu tu, atakuwa hapa."

Watu wakakusanyika, na wanyama nao. Ngwali mwezekaji, mtu wa maneno machache na kamba nyingi, akauliza, "Bi Kasa, huyo Tufani anakuja vipi?"

"Anakuja kwa adabu," akasema Bi Kasa. "Ana nguvu, lakini kwao ni watu wa heshima. Mama yake, Bahari Kuu, alimfunza asiingie kwa mtu bila hodi. Hupiga hodi tatu. Asipojibiwa, hugeuka akaenda zake. Akijibiwa karibu, huingia na mizigo yake yote. Mvua yake, radi yake, mawimbi yake."

"Mbona kazi rahisi!" akadakia Kunguru juu ya mti. "Tunyamaze tu."

"We Kunguru, hodi zenyewe si za mchezo. Hodi ya kwanza huchukua vitu visivyofungwa. Hodi ya pili huchukua vilivyofungwa ovyo. Hodi ya tatu hung'oa kila kisicho na msingi wa mawe."

Msingi wa mawe! Watu wakageuza shingo, wote kwa pamoja, wakatazama kilimani. Nyumba ya mawe ilikuwa moja. Kisha wakageuza shingo tena, taratibu, wakamtazama mwenye nyumba.

Bi Mize akahisi macho yote yale mwilini mwake. Akataka kusema neno, na neno lililomjia lilikuwa moja tu, akalimeza.

"Tumekwisha," akasema Kunguru. "Nyumba ya kutuokoa ndiyo hiyo, na huyo mwenye nyumba ndiye huyo. Naye apelekwe bara kwa ndugu zake, atuachie funguo."

"Haiwezekani," akasema Ngwali. "Hatumtoi mtu kwake ili tuingie sisi. Siku tatu zipo. Tutafunga mji, naye atafunga mdomo. Bi Mize, utaweza?"

"Nitaweza," akasema Bi Mize. Lakini moyoni hakuwa na hakika hata kidogo.

Siku ya kwanza, wakafunga. Ngwali akatoa kamba zake zote za usumba wa nazi, akapanda paa hili, akashuka, akapanda lile. Watoto wakamrushia kamba, wanawake wakavuta, wanaume wakakaza. Funga! Kaza! Vuta! Hata vyungu vikafungwa, hata kuku wakafungwa, na babu mmoja aliyesinzia kwenye kiti akaamka akajikuta naye amefungwa.

Jioni Ngwali akasimama mlangoni kwa Bi Mize, akagonga. "Hodi!"

"Karibu!"

Ngwali akajishika kichwa. "Bi Mize!"

"Ewe! Imetoka yenyewe!"

Siku ya pili, wakaangua na kubeba. Kima wakapanda minazi wakaangua nazi zote, maana nazi ikipewa upepo huwa jiwe la manati. Makuti makavu yakakatwa. Ngarawa zikavutwa mpaka juu ya kilima. Mitungi ikajazwa maji, mihogo ikachimbwa, mchele ukapandishwa. Angua! Beba! Pandisha! Bi Mize akapika kashata makapu matatu, kwa sababu watu wakiwa na hofu hula sana.

Jioni Kunguru akajificha nyuma ya nyumba, akafanya sauti ya bibi kizee. "Hoodi, wajukuu zangu."

"Karibu, bibi!" Bi Mize akatoka na kigoda mkononi, akamkuta Kunguru amelala chali kwa kicheko.

Bi Mize hakucheka. Aliingia ndani akakaa na kigoda chake mapajani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliogopa mlango wake mwenyewe. "Watoto wa watu wote hawa," alijiambia, "na mimi na mdomo wangu huu."

Siku ya tatu, wakahamia. Wazee mbele, watoto nyuma yao, kisha mbuzi, kuku, punda, paka na paka wa jirani wasiosemezana. Bi Mize alisimama mlangoni akikaribisha, na siku hiyo hakuna aliyemkataza. Karibu, karibu, karibu, mpaka nyumba ikajaa hata ukipiga chafya humjui aliyefuta pua.

Wa mwisho kupanda kilima alikuwa Bi Kasa. Akafika mlangoni akaona amjaribu shoga yake mara moja ya mwisho. Sasa Bi Kasa kwa kusema ni mzito kama kwa kutembea. Akaanza, "Hooo..."

Bi Mize akakaza meno.

"...oooo..."

Bi Mize akashika shavu hili, akashika na lile. Watu wakamwangalia bila kupumua.

"...ooo..."

"Karibu, karibu, shoga, maliza basi uingie!"

Nyumba nzima ikaguna. Lakini hapakuwa na muda wa jaribio jingine, maana mbingu kule baharini ilikuwa imebadilika rangi, imekuwa kama chungu kilichokaa jikoni miaka mingi. Ngwali akafunga mlango, akasukuma komeo. Bi Mize akachukua kashata nne kubwa, akazijaza zote mdomoni kwa mpigo, mashavu yakavimba. Ulimi ukakosa pa kugeukia.

Ikawa alasiri, Bwana Tufani akafika.

"HODI!"

Vuuu! Kila kisichofungwa kikapita angani. Likapita tenga, ukapita ufagio, kikapita kiota cha Kunguru, ambaye siku zote tatu alikuwa akiwacheka wenzake wakifunga. Kunguru akakitazama kiota chake kikienda, kupitia tundu la dirisha. Bi Mize akatafuna kashata.

"HODI!"

Vuuuuu! Kuta zikatoa vumbi. Vilivyofungwa ovyo vikaenda. Lakini kamba za Ngwali hazikufungwa ovyo, na mapaa ya Kitumbawe yakalia, yakainuka kidogo, yakakaa. Bi Mize akatafuna. Loo, kashata nazo ni sukari, jamani, na sukari huyeyuka! Ya kwanza ikayeyuka. Ya pili ikayeyuka. Ya tatu ikateleza kooni na ya nne ikaifuata.

Kukawa kimya. Ngwali akamwonyesha kidole kimoja, yaani imebaki moja tu, vumilia mama. Bi Mize akaitika kwa kichwa. Akafumba macho. Akafumba na mdomo.

"HODI, WENYEWE!"

"Karibu, mwanangu!"

Mungu wangu! Jibu lilimtoka haraka hata upepo wa hodi ile haukuwahi kung'oa nyumba. Ngwali akakaa chini. Kuku wakazimia. Akina mama wakawakumbatia watoto, na nje Bwana Tufani akacheka kicheko cha kutikisa mlima, akaanza kuinua mizigo yake. Bi Mize mwenyewe alisimama nyuma ya mlango, machozi yamemjaa. Akaona mkono wake umekwenda kwenye komeo wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote. Kisha, kwa mazoea hayohayo, akajitazama. Kichwa wazi!

"Subiri kidogo, mwanangu," akasema. "Sijajitanda. Siwezi kumfungulia mgeni nikiwa hivi."

"Aaah," akasema Bwana Tufani nje. "Jitande tu, mama. Nasubiri." Si nimewaambia kwao ni watu wa heshima?

Bi Mize akaanza kutafuta kanga yake, na mgeni haachwi mlangoni kimya kama mwizi. Basi akamwamkia huku anatafuta. "Hujambo lakini?"

"Sijambooooo!"

Pumzi ile ikatoka ndefu, ikapita juu ya kilima ikaenda zake. Ngwali, aliyekuwa kwenye tundu la dirisha, akaona mnazi uliolala chini umeinuka kidogo. Akageuka upesi. "Bi Mize," akanong'ona, "pumzi inamtoka! Endelea kumwamkia!"

Bi Mize akasimama na kanga mkononi. Akaelewa. Akaitupa kanga chini ya kitanda ili aendelee kuitafuta.

"Habari za utokako?"

"Njemaaaaa!"

"Za safari?"

"Salamaaaa!"

"Mama hajambo?"

Hapo Bwana Tufani akaitua mizigo yake. Miaka yote ya kupiga hodi, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari za mama yake. "Hajambo kidogo," akasema, na sauti ikapungua. "Mgongo unamsumbua. Watu wanamtupia nanga kila siku, hakuna anayesema samahani."

"Pole sana, mwanangu. Mpe pole yake. Na mjomba wako Kusi?"

"Hajamboooo."

"Na shangazi yako Kaskazi?"

"Hajambooo, anazeekaaa."

"Na wadogo zako, zile pepo ndogo za pwani, Matlai na Umande?"

Bi Mize alipoishiwa maswali, nyumba nzima ikamnong'oneza. "Muulize mawingu!" "Muulize mvua kama ameolewa!" Hata Kunguru akajisogeza begani kwake. "Muulize kilemba chake amekinunua wapi." Bi Mize akauliza, na Bwana Tufani akajibu yote, moja moja, bila kuruka, maana kwao huwezi kukanyaga kizingiti cha mtu na salamu hujamaliza kuijibu. Kila jibu likawa fupi kuliko la kwanza. Sijambooo. Hajamboo. Wazima. Mh.

Bi Mize akasikiliza. Minazi ilikuwa imesimama. Akaitoa kanga yake chini ya kitanda, akajitanda vizuri, akavuta komeo, akafungua.

Akaingia kijiupepo kidogo tu, kimechoka. Kikainua pindo la kanga, kikazima taa moja, kikakaa mkekani. Wakampa maji. Wakampa kashata. Akala akasema tamu, na watoto wakamkaribia wakawa wanampelekea manyoya ya kuku ayarushe. Mwishowe akaomba ruhusa.

Mji mzima ukatoka kumsindikiza mpaka ufukweni. Nyumba zote zilikuwa zimesimama. Bi Mize alitembea mbele, moyo mweupe, anajiona kama ana miaka kumi na minane. Bwana Tufani akashuka majini, akageuka, akasema, "Ahsante, mama. Kwako ndiko nilikoulizwa hali."

"Ahsante ni kwako, mwanangu," akasema Bi Mize, na kwa furaha aliyokuwa nayo akapunga mkono, akafungua mdomo, "Karibu te—"

Ngwali akamrukia. Kima wakamrukia. Kunguru, Bi Kasa na babu aliyefungwa kwenye kiti wakamrukia, wote wakamziba mdomo kwa mikono, mbawa na magamba, wakaanguka naye mchangani rundo moja, na rundo lote likacheka.

Sasa, wako wanaosema lile neno lilizuiwa lote. Wako wanaosema "te" ilikuwa imeshavuka midomo. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba mkisikia Tufani yuko njiani, msingoje mpaka agonge. Fungeni paa, angueni nazi, jazeni maji, mwende wote kwenye nyumba yenye msingi. Wala msimwache nje jirani kwa sababu ya kasoro yake, maana hamjui mlango utashikwa na nani.

Nami nilikuwapo siku hiyo, chini ya kitanda. Msiponiamini mimi, iaminini kanga, ilitupwa usoni kwangu.

Hapo ngano yangu naisukumia komeo. Ikiwa tamu, mpelekeeni na wa jirani. Ikiwa haikukolea, nirudishieni kesho niitie nazi. Na huyo anayegonga mlango sasa hivi, kabla hamjamjibu, muulizeni kwanza ni nani.