Tairi la Harusi ya Gaudensia

Upepo haunyooshi tairi lililokaa upande.

Shangazi yenu amelitamka neno hilo kikaoni leo, wakubwa wakanyamaza, ninyi mkabaki mnatazamana. Mmefanya vizuri kuuliza. Methali hii haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa bondeni Kilombero, barabarani, siku ya harusi ya mama yangu. Yeye ndiye aliyenisimulia, na baba alikuwa pembeni akimsahihisha kila alipozidisha chumvi.

Mama yangu aliitwa Gaudensia. Baba yake alikuwa akiuza samaki wakavu vijijini kwa baiskeli, na kwa kuwa hakuwa na mtoto mwingine, alimfundisha binti yake kuziba pancha, kubadili tairi na kukaza spoku. Wazazi wote wawili walipofariki, Gaudensia alilelewa na mjomba wake, Fulko, kaka wa mama yake. Fulko alimlisha, akamuuguza surua, akamsimamia mpaka akapata kipaimara.

Posa ilipokuja, mzee Likwembe, baba wa bwana harusi, hakwenda kwa Fulko. Alipita mbele ya mlango wake, akaenda kwa baba mdogo wa binti, mtu mwenye nyumba ya bati na jina kubwa kanisani. Kwamba baba mdogo ana haki yake, hilo hakuna aliyelikataa. Lakini mtu aliyemlea binti hakupewa hata salamu. Fulko hakugomba. Alinyamaza tu, na waliomjua wakaanza kuogopa.

Mzee Likwembe aliambiwa kwamba ameudhi mtu. Akatuma mchele. Fulko akaupokea, hakusema kitu. Akatuma shuka. Fulko akaipokea, akaiweka juu ya gunia la mchele. Harusi ilipokaribia akatuma beberu. Beberu akafungwa kwenye kigingi, na Fulko bado hakusema kitu.

Sasa tuje kwa bwana harusi mwenyewe. Baba yangu, Hilari, alikuwa na baiskeli aliyoachiwa na babu yake, baiskeli ya zamani yenye ringi nzito za chuma. Kingo za ringi zilikuwa zimeliwa na kutu hapa na pale, lakini magurudumu yalikuwa imara. Siku zile bibi harusi alitolewa kanisani akiwa amekaa kwenye keria ya baiskeli iliyopambwa, ngoma ikimfuata nyuma. Hilari hakutaka kumbeba mke wake juu ya matairi yaliyokwisha. Akanunua mapya.

La mbele alilivalisha kwa utulivu, likakaa. La nyuma alilivalisha asubuhi ya harusi, huku anaitwa na kila mtu. Mnajua kila tairi lina mstari mwembamba unaolizunguka karibu na ukingo wa ringi. Tairi likikaa sawa, mstari huo unaonekana sawa pande zote. Tairi la Hilari lilikuwa vingine: mahali pamoja mstari ulijitokeza juu, mahali pengine ulikuwa umezama ndani ya ringi. Aliuona. Akajiambia kwamba upepo ukijaa, tairi litajipanga lenyewe. Akachukua pampu, akajaza, akaenda kuoga.

Misa ikaisha vizuri. Gaudensia akapanda kwenye keria na shela yake, Hilari akaanza kuendesha. Hawakufika mbali kabla ya watu kuanza kucheka. Kila gurudumu lilipozunguka, bibi harusi alirushwa juu, akatua, akarushwa tena.

"Hilari," mama akamnong'oneza, "tairi la nyuma limekaa vibaya. Simama ulitoe upepo."

"Nitasimama niliongeze upepo."

"Nimesema ulitoe."

"Mke wangu, leo ni siku ya harusi, si siku ya ufundi baiskeli."

Akasimama kweli, akaongeza. Baba alikuwa na mikono yenye nguvu, na siku hiyo alikuwa na aibu pia, kwa hiyo alipampu kama mtu anayepigana. Pale ambapo mstari ulikuwa juu, tairi likavimba, likaruka nje ya ringi, tyubu ikachungulia, ikapasuka. Mlio wake ukanyamazisha ngoma.

Fulko alikuwa akitembea nyuma kabisa ya msafara, peke yake. Akaja mbele, watu wakampisha.

"Gaudensia," alisema, "twende nyumbani. Watakapojua namna ya kumchukua mtoto wa mtu, watakuja."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Bibi harusi kurudishwa kwao siku ya ndoa ni jambo ambalo watoto wake wangelisikia kisimani mpaka wakue. Wanawake wa upande wa bwana harusi wakaanza kulia. Mzee Likwembe akafika akihema, jasho likimtoka ndani ya koti lake.

Mama alimpenda mjomba wake na alimpenda Hilari, na alihisi akifungua mdomo atamkosea mmoja wao. Kitu alichokiweza pale kilikuwa kimoja. Alivua shela, akatandika kanga barabarani, akakaa.

"Hilari, pindua baiskeli, ufungue gurudumu. Niletee maji na sabuni."

Ndani ya kimfuko cha chini ya siti kulikuwa na gundi na vipande vya mpira. Akaziba tyubu. Kisha, bila kutazama juu, akasema, "Mjomba, nishikie gurudumu."

Fulko alikuwa bado na hasira, lakini aliyeomba ni mtoto wake. Akachuchumaa, akashika.

"Na wewe, baba, shika upande huo."

Mzee Likwembe naye akachuchumaa. Wazee wawili wakawa uso kwa uso, gurudumu katikati yao. Mama akapaka ukingo wa tairi maji ya sabuni, akajaza upepo kidogo sana, akatazama mstari ukizunguka. Ulikuwa umezama mahali. Akatoa upepo wote, akalivuta tairi kwa viganja, akajaza kidogo tena, akatazama, akatoa tena.

Mzee Likwembe uvumilivu ukamwishia. "Mwanangu, jaza tu, watu wana njaa. Na wewe Fulko, nitakuongezea mbuzi jike. Haya, yaishe."

Mama akasema, macho yakiwa bado kwenye ringi, "Baba, upepo haunyooshi tairi lililokaa upande. Unalisukuma lizidi kwenda kule kule. Ni kutoa kwanza, ulipange, ndipo ujaze."

Alikuwa anazungumza habari za tairi. Mpaka uzeeni aliniapia kwamba hakuwa na maana nyingine. Lakini mzee Likwembe alishusha macho.

"Fulko," alisema, "nilipita mlangoni kwako. Nilikuona umekaa barazani, nikajifanya sikukuona. Nyumba yako niliiona ndogo, nikaona haya kupeleka posa hapo. Nilikukosea."

"Mimi pia nilikuona," Fulko alisema. "Nilikuwa nimeinuka kukuwekea kiti."

Mzee Likwembe akafuta uso kwa mkono wenye sabuni. Hakuna aliyemcheka.

Mama akazungusha gurudumu. Mstari ukapita mbele ya macho yao, sawa pande zote. Ndipo akampa Hilari pampu, naye akajaza taratibu.

"Beberu wako nitakurudishia," Fulko akamwambia mzee Likwembe walipokuwa wanasimama, magoti yakiwauma. "Wali nitakuja kula."

Akaja, akala. Watu walirudi makwao wakilirudia neno la bibi harusi, na kabla ya mavuno lilikuwa limefika ng'ambo ya mto. Mtu akitaka kufunika kosa kwa zawadi, kwa karamu au kwa kelele, kabla kosa lenyewe halijatajwa, huambiwa hivyo hivyo, hata kama hajawahi kupanda baiskeli: upepo haunyooshi tairi lililokaa upande.