Dumu Jikoni kwa Ntandu

Mtu mmoja alikuwa na mashine ya kukamua alizeti katika bonde la watu wachapakazi. Jina lake Ntandu. Mashine ile ilipounguruma, bonde zima lilikula. Wakulima walipanda alizeti wakijua pa kuipeleka. Wanawake walipepeta mbegu kwa ungo na kuchuja mafuta kwa kitambaa. Wafugaji walinunua mashudu, yale makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa, na ng'ombe wao wakanenepa. Na Mughenyi, fundi viatu, alishona makubazi kwa ngozi ya ng'ombe hao hao, akawavisha wote. Tajiri hakuwepo. Lakini hapakuwa na mtu aliyeamka asubuhi asijue mikono yake aipeleke wapi.

Mwaka mmoja Ntandu aliingiwa na tamaa. Aliwatazama wale wapepetaji na wachujaji, akaona wanamla tu. Akawaambia wakapumzike majumbani kwao. Mbegu zikaingia mashineni na vumbi lake, mafuta yakatoka meusi, naye akayauza hivyo hivyo kwa bei ile ile. Watu hawakugombana naye. Walianza tu kwenda duka la barabarani, mahali yaliposhushwa madumu ya mafuta ya ng'ambo, mafuta safi yasiyo na harufu. Kila mmoja alijiambia kwamba dumu moja la mtu mmoja haliwezi kuiua mashine.

Kumbe wote walijiambia hayo hayo. Mashine ikaanza kunyamaza siku moja moja, kisha ikanyamaza kabisa. Wakulima wakaacha kupanda alizeti. Ng'ombe wakakosa mashudu, wakakonda. Vijana wakakaa vibarazani wakitazama magari yanayokwenda kwingine. Ntandu hakukosa wa kumlaumu. Alimlaumu mwenyekiti wa kijiji, aliyetoza ushuru gunia la alizeti kwenye kila kizuizi huku madumu ya ng'ambo yakipungiwa mkono yapite. Na hapo hakusema uongo. Aliwalaumu majirani, akawaita wasaliti. Nyani haoni kundule.

Mwishowe akamwita mnunuzi wa chuma chakavu. Mtu yule alifika asubuhi na mzani na nyundo, akaizunguka mashine na kuigonga ubavuni kama anayenunua ng'ombe wa kuchinja. "Chuma kizuri hiki, mzee," akasema, "kitayeyuka vizuri." Ntandu alijua kwamba mashine ile ikikatwakatwa, bonde halitapata nyingine. Moyo ulimuuma sana. Lakini nyumbani hapakuwa na kitu, na mkono mtupu haulambwi. Akamkaribisha mgeni anywe chai kwanza, kisha waanze kazi.

Mkewe, Mama Njiku, alikuwa jikoni akikaanga maandazi. Ntandu akaingia mwenyewe kuyachukua, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu, na pembeni ya mafiga akaliona dumu. Lilikuwa la ng'ambo, nalo lilikuwa limefika nusu. Akafungua kinywa kufoka. Mama Njiku hakulificha lile dumu wala hakupandisha sauti.

"Baba Njiku, tangu ulipowaachisha wachujaji, mafuta yako yananitoa machozi kwa moshi. Kama mimi mkeo yamenishinda, jirani atayawezaje?"

Ntandu aliinamisha uso kwa aibu, na alipoinama akaiona miguu yake. Alikuwa amevaa kandambili za plastiki, za duka lile lile la barabarani. Mughenyi alikuwa amefunga kibanda chake tangu kiangazi kilichopita, na Ntandu hakuwahi kujiuliza kwa nini. Mtu mzima yule akalia mbele ya mke wake.

Alipojifuta uso alitoka nje, akamwomba radhi mnunuzi, akamfungia maandazi ya njiani na kumsindikiza. Kisha akaenda kwa Mughenyi, akamwomba amshonee makubazi. Kutoka hapo akapita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wapepetaji. Hakuwa na fedha ya kuwapa. Aliwaahidi fungu la mafuta ya kwanza, na akawaomba msamaha mlangoni kwa kila mmoja. Mkubwa wao, Mama Nyamwi, alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Leo ndiyo umetukumbuka?" akasema. "Haya, tutakuja. Ila kitambaa cha kuchujia tutachagua wenyewe."

Walikuja. Mbegu zilizobaki ghalani hazikuwa nyingi, na mafuta yaliyotoka yalikuwa kidogo, lakini yaling'aa. Mama Njiku aliyakaangia maandazi, akagawa kwa majirani bila hotuba yoyote. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Jirani mmoja akaja na chupa, mwingine akaja na kidumu. Mvua zilipokaribia, baadhi ya wakulima walitenga kipande cha shamba kwa ajili ya alizeti. Si wote, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mashudu yakapatikana tena, na mwenyekiti, ambaye ng'ombe wake walikuwa wengi kuliko wa mtu yeyote bondeni, akagundua ghafla kwamba vizuizi vimezidi. Akaondoa kimoja. Watu wakamshukuru, kisha wakamfuata mkutanoni kudai aondoe vilivyobaki.

Vijana wawili wameshashuka kibarazani, wanabeba magunia na kulipwa. Mwingine anajifunza kwa Mughenyi kukata ngozi. Wengi bado wamekaa, na mashine inafanya kazi siku za soko tu. Lakini inafanya kazi, na kila msimu foleni ya magunia mlangoni pake inarefuka kidogo.

Basi, ndugu zangu, sisi tunaouliza kila siku kazi za watoto wetu zimekwenda wapi, ni nani kati yetu ameingia jikoni kwake akatazama?