Kengele ya Waya Uliokatika

Sogeeni, mkae, na masikio muyaache wazi, maana kesi hii mtaihukumu nyie, si mimi.

Huko nyanda za juu palikuwa na uwanja wa ndege, Kilambo, mahali ukungu unaposhuka asubuhi na kumeza hata kidole ulichokinyoosha. Kituo chake cha zimamoto kilijengwa upya, na umeme wake ukawekwa mikononi mwa mafundi watatu.

Mzee Ambakisye alijaliwa kipaji cha kutoamini. "Umeme ni mgeni," alikuwa akisema. "Mkaribishe, ila funguo za nyumba usimwachie." Waya wa kengele, utokao kwenye mnara wa kuongozea ndege hadi kituoni, aliutaka uwe na mwenzake wa akiba, upite njia nyingine kabisa, nyuma ya mikaratusi.

Lusajo alijaliwa subira. Alizilea betri za kengele kama kuku na mayai yake, akizifunika baridi ikizidi, akizipima kila asubuhi kabla hata ya chai.

Binti Atupele alijaliwa akili ya kugeuza mambo. Milango ya banda la gari la zimamoto aliichora ishikwe chini na sumaku ya umeme: umeme ukikatika, sumaku inaachia, jiwe la uzito linashuka, mlango unapanda wenyewe. Watu walimsifu, naye sifa zilimpendeza.

Mzee akaugua, waya wake wa akiba ukiwa umebakiza kiungo kimoja. Atupele alipokwenda kumjulia hali, mzee alimshika mkono.

"Mwanangu, kaunganishe. Usilale kabla."

"Nitaunganisha, baba."

Hakwenda. Kulikuwa na mvua na matope, na moyoni aliuona waya ule ni woga wa uzee. Kwenye daftari la kazi aliandika: Umeunganishwa. Akatia sahihi. Juma lile lile mzee akazikwa.

Siku ya arobaini yake, saa mbili asubuhi, greda lililokuwa likichimba mtaro lilikata njia kuu. Umeme ukazimika, na waya wa kengele ukakatika pamoja nao. Kituo kikawa kimya hata ukasikia maji yakidondoka. Hapo ndipo ndege ndogo ilipotua ndani ya ukungu, ikapitiliza njia yake, ikalala ubavu na kuanza kufuka moshi. Mnarani wakabonyeza kitufe.

Kengele ikalia.

Betri za Lusajo ziliipa sauti. Milango ya Atupele ilikuwa imeshapanda. Gari likatoka mbio, wakamtoa rubani, na mama mmoja aitwaye Tupokigwe na kichanga chake cha siku tano. Kisha bawa likalipuka. Kamanda wa zimamoto alisema kingekosekana kimoja tu, kengele, betri au milango, wangezoa majivu.

Lakini Atupele alikuwa bado amesimama mbele ya kengele. "Lusajo, inalia kwa waya gani?"

"Si ule wa mzee? Uliuunganisha mwenyewe."

Alasiri alikwenda peke yake mikaratusini. Alizikuta ncha mbili za waya zikitazamana, katikati upana wa kiganja, na buibui ameshatanda utando hapo. Alizigusa. Zilikuwa na uvuguvugu, ule ule wa mkono uliomshika siku ile kitandani. Alilia, akaziunganisha, akarudi asimwambie mtu.

Siku ya kumpa mtoto jina, Tupokigwe aliwaita mafundi wawili na kamanda. "Mtoto ni mmoja na jina ni moja. Nimpe la nani?"

Lusajo alicheka kwa aibu. "Mimi ni betri tu, mama. Ila kengele bila betri ni bati."

"Na marehemu je?" akauliza kamanda. "Waya ni wake."

"Nimeonyeshwa daftari," mama akasema, akimtazama Atupele. "Waya ni wa marehemu, lakini kiungo ni chako, dada, na milango ni yako. Umefanya mawili. Naona jina ni lako."

Atupele hakuwa na mtoto, na jina lile alilitaka kwa moyo wote. Kutoka kituoni, kengele ikagonga mara moja, kidogo tu. Mnarani hapakuwa na aliyebonyeza.

Akafungua kinywa. Nami namwacha hapo hapo.

Yupo aliyeutaka waya asiumalize, yupo aliyelea betri, na yupo aliyechora milango akadanganya daftarini. Haya, semeni: mtoto aitwe nani? Na wewe uliyenyamaza pale nyuma, kinywa kile kingekuwa chako, kingesema nini?