Miguu ya Mbonea na Sketi ya Nakiete

Njia haibishani, hubishana miguu. Ndivyo mwalimu wenu alivyowaambia mlipokuwa mnagombana kama mpira ulivuka mstari wa goli au haukuvuka, nanyi mmekuja mbio kuniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Kaeni. Siku yalipozaliwa mimi ndiye niliyekuwa karani wa kata, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Wakati huo grosari hapa kwetu ilikuwa moja tu, ya Elinazi. Aliyetaka bia alikwenda kwake, na akiwa pale alinunua pia sukari, sabuni na kiberiti. Upande wa pili wa shule palikuwa na duka la Namsifu, mjane. Naye aliuza sukari, sabuni na kiberiti, lakini bia hakuwa nayo, basi mteja wake wa kila siku alikuwa vumbi. Akaona asipopata leseni ya vileo atafunga duka na kurudi kwa kaka zake milimani, jambo ambalo wake za hao kaka walikuwa wameanza kuliombea lisitokee.

Akaandika barua kwa kamati ya kata. Elinazi naye akaandika yake: duka la Namsifu liko karibu mno na shule.

Sheria ndogo ya kata ilitaka duka la vileo liwe hatua mia mbili au zaidi kutoka lango la shule. Haikusema hatua za nani. Na kwa desturi yetu, kama katika ugomvi wa mpaka wa shamba, kila upande huja na mpimaji wake.

Elinazi akaja na Mbonea. Huyo alipoketi magoti yalimfika kidevuni, na mfereji ambao wengine tuliuvukia darajani yeye aliuruka tu, tena akiongea. Namsifu akamleta wifi yake Nakiete, mwimbaji wa kwaya, akiwa ndani ya sketi ya kitenge iliyombana kutoka kiunoni hadi chini ya magoti.

Kamati nzima tukatoka kushuhudia. Mbonea alipima kutoka langoni hadi dukani kwa Namsifu kwa hatua mia moja arobaini na saba. Nakiete akapima njia hiyohiyo kwa hatua mia tatu sitini na moja. Tulimsubiri mpaka diwani akaagiza chai.

"Huyo hatembei!" Elinazi akapaza sauti. "Huyo ni bata aliyefungwa kamba! Mheshimiwa Diwani, hatua ni ya mtu aliyenyoosha goti. Tuwafikirie watoto wa shule."

"Watoto haohao unaowauzia peremende juu ya kreti za bia?" Namsifu akauliza.

"Leseni yangu ni ya zamani, mama. Usichanganye mambo."

Diwani Senzota alikuwa mtu mpole, aliyeongea kama mwenye jino linalouma. Akapigisha kura. Wajumbe wengi koo zao zilikuwa zimezoea kwa Elinazi, kwa hiyo ikaamuliwa kwamba kata itatumia miguu ya Mbonea. Elinazi akaja kunisimamia begani.

"Karani, andika wazi. Miguu ya Mbonea, na si mingine."

Nikaandika. Namsifu akajifunga khanga vizuri, akainuka aondoke.

"Keti kwanza, mama," diwani akamwambia. "Karani, tusomee ajenda inayofuata."

Nikasoma: "Kuhuisha leseni ya Elinazi."

Kila mwaka ajenda hiyo ilipita huku watu wakitafuta kofia zao. Safari hii hakuna aliyesimama.

"Mbonea, baba," diwani akauliza, "hujachoka?"

Mbonea hakuwa amechoka. Tena alikuwa ameanza kuipenda kazi. Akaondoka langoni kama twiga aliyeona maji, na kabla hatujamfuata vizuri alikuwa amekwisha kuegemea mlango wa Elinazi.

"Mia moja na sita!" akatangaza, akicheka kwa fahari.

Elinazi akamtazama kama mtu aliyeng'atwa na mbwa wake mwenyewe. "Umekula nini leo, wewe? Mheshimiwa, njia ya kwangu ina mteremko. Mtu mrefu akiteremka hatembei, anapaa! Hiyo si hatua ya binadamu."

"Muhtasari unasema ni hatua ya kata," diwani akajibu.

"Basi ubadilishwe!" Kisha sauti ikamlainika. "Dada Nakiete, dada yangu, hebu na wewe pima."

"Mimi bata?"

"Bata ni ndege mwenye staha, dada."

Nakiete akapima. Elinazi alitembea kando yake, akimkinga jua kwa mwavuli wake mwenyewe na kumwondolea vijiwe njiani. "Taratibu, dada. Usijikwae. Ile haikuwa hatua mbili kweli?" Walipofika, hesabu ilikuwa mia mbili sitini na tatu, na Elinazi akaipigia makofi.

"Vizuri," akasema diwani. "Lakini kata haiwezi kuwa na miguu ya aina mbili. Ni ya Mbonea kwa wote, nanyi wote mkose, au ni ya Nakiete kwa wote, nanyi wote mpate. Chagua, mzee."

Elinazi akamtazama Namsifu. Akaitazama grosari yake. Akanigeukia mimi, sauti imeshuka hadi kifuani.

"Karani, andika sketi."

Nikaufuta mstari wa Mbonea, nikaandika, na Namsifu akapata leseni yake kwa ombi la mtu aliyempinga. Tukiwa tunakusanya vikombe, diwani akasema polepole, kwa sauti yake ileile ya jino linalouma, maneno mliyoyasikia leo.

Haya. Wewe unayeapa mpira ulivuka, aliyeupiga ni nani?

"Kaka yangu, Bibi."

Na wewe unayeapa haukuvuka?

"Kipa ni binamu yangu."

Mnaona? Mstari upo palepale tangu asubuhi, haujasema neno. Njia haibishani, hubishana miguu.