Mayai Chini ya Meza Kuu

Tajiri Shebughe, mwenyekiti wa timu ya jiji, aliamua uwanja mkubwa ujengwe mtaa wa Mabondeni na nyumba zote zivunjwe. Yeye alikuwa na shamba tupu mlimani, lakini ukarimu wake uliishia kwenye mali za wenzake.

Mkutanoni hapohapo Mabondeni, Bi Kidawa, muuza chipsi wa mtaa huo, alipiga makofi kuliko wote.

"Jenga, bosi! Ila tafadhali, msichimbe chini ya meza kuu."

Shebughe akaamuru pachimbwe papo hapo. Yakatoka mayai yaliyofungwa kwa kitambaa chekundu.

"Nani kafukia?"

"Ya watu siyajui, bosi. Watani wenu wa jadi walipita juzi na mzee mwenye kibuyu, wakauzunguka mtaa mzima."

Shebughe alikuwa msomi, hakuamini uchawi hata kidogo. Aliruka nyuma kwa sababu za kiafya tu.

"Sasa timu yangu itachezea wapi?"

"Labda mahali wasipoweza kupenya. Penye ukuta na mbwa."

Jiji zima lilijua ni shamba la nani hilo.

Jumamosi hiyohiyo, Shebughe aliweka jiwe la msingi shambani kwake, kisha akamaliza sahani ya chipsi mayai ya Bi Kidawa.

"Matamu! Mayai haya umeyapata wapi?"

"Ni yaleyale uliyonichimbulia, bosi. Kuku wangu, kitambaa changu."