Nywila ya Mwalimu Fumbuka

Hapo zamani, si ile ya babu zetu bali zamani hii ya kompyuta, palikuwa na karani wa shule aitwaye Kidawa. Shuleni kwake walisoma wanafunzi sita wasioona, na yeye ndiye aliyewachapishia mitihani kwa nukta nundu, yale maandishi ya kusomwa kwa vidole.

Kompyuta ya ofisini ilitumia mfumo wa Linux. Kidawa aliruhusiwa kuandika na kuchapisha, basi. Kubadili mipangilio ya printa kulihitaji nywila, yaani neno la siri, ya msimamizi, na msimamizi alikuwa Mwalimu Fumbuka peke yake. Nywila hiyohiyo ndiyo iliyofungua alama za shule nzima. Mara mbili Fumbuka alimwomba mkuu wa shule, Bi. Mwatumu, amruhusu kumpa Kidawa mamlaka ya printa tu, asiguse kingine. Mara mbili mkuu alikataa.

Siku ya mtihani wa mkoa ikafika. Asubuhi hiyo Fumbuka alipanda basi na mkewe kumpeleka mtoto wao hospitali. Kidawa akachapisha maswali, akayatia kwenye bahasha. Mwalimu Mselemu, mwalimu wa wasioona, ambaye naye haoni, akapita ofisini.

"Hebu nipe nakala moja," alisema, ingawa hakuna aliyemwomba.

Akapitisha vidole. Akarudia.

"Kidawa, mistari imekatwa mwishoni. Swali la tatu linasema 'Eleza sababu za', halafu basi!"

Kidawa akatazama. Karatasi mpya zilizoletwa zilikuwa na upana mdogo kuliko za zamani, na printa haikuambiwa. Akajaribu kubadili ukubwa. Kompyuta ikamjibu: huna ruhusa, weka nywila ya msimamizi.

Akampigia simu Fumbuka. "Mwalimu, nitajie nywila."

"Siwezi, dada. Niliapa mbele ya bodi ya shule kwamba sitaitamka kwa mtu. Nashuka hapa, narudi."

"Na mtoto?"

"Mama yake yupo naye."

Mtihani ulikuwa saa tatu, na mkaguzi wa mkoa alikwisha kusema kuwa asiyeanza saa tatu hafanyi. Kuchapisha upya kulitaka nusu saa. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika ishirini.

Sasa, Kidawa alikuwa anaijua nywila. Siku moja alisimama nyuma ya Fumbuka akaona vidole vyake vikiiandika. Hakukusudia kuona, lakini hakusahau. Akatazama mlango. Akaiandika, akabadili ukubwa wa karatasi, akafunga mipangilio, na printa ikaanza kugonga.

Mselemu alipokea kila ukurasa, akapapasa mwisho wa mistari. "Huu sawa. Huu nao sawa."

Saa tatu ilipogonga, wanafunzi wote sita walikuwa na karatasi zao. Dakika kumi baadaye Fumbuka akashuka kwenye pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Kidawa hakungoja kuulizwa.

"Nimetumia nywila yako."

Fumbuka akaketi, akajipangusa vumbi usoni.

Bodi ikaamua nywila ibadilishwe na apewe mtu mmoja, awe msimamizi wa kompyuta zote. Bi. Mwatumu, aliyeachiwa kumchagua, akawaita Fumbuka, Kidawa na Mselemu, bahasha yenye nywila mpya ikiwa mezani.

Fumbuka akasema, "Nilimwacha mwanangu na homa njiani kwa sababu sikukubali kuitamka. Mnataka mlinzi wa namna gani tena?"

"Na kama ningekusubiri?" Kidawa akajibu. "Watoto sita wangekaa nje. Niliingia, nikarekebisha karatasi, nikatoka. Alama sikuzigusa."

"Tutajuaje?" Fumbuka akauliza.

Swali lile lilimchoma Kidawa, maana hakuwa na shahidi wa macho ila nafsi yake.

Mselemu akakohoa. "Ninyi wawili hamkujua hata kama pana kosa. Kompyuta naitumia, inanisomea kwa sauti. Printa ile ni ya wasioona, na tangu iletwe hakuna asiyeona aliyeulizwa inafanyaje kazi. Bila vidole vyangu, huyu angevunja sheria kwa lipi, na yule angerudi kwa lipi?"

Bi. Mwatumu akaishika bahasha, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

Haya, ninyi mlionisikiliza, mwambieni. Mmoja alitunza siri, mmoja aliivunja akaokoa mtihani, mmoja aligundua kosa. Je, nani alistahili kupewa nywila?